Kilomita zilipanda kwa hesabu, mfupa ukachoka: kisa cha mkimbiaji wa marathoni

Mhusika na mazingira

Jina, kambi, mwaka na mashindano vimeondolewa, na nambari chache zimesogezwa kidogo ili mhusika asitambulike. Mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia.

Ni mwanamke wa umri wa miaka ishirini na kitu, mkimbiaji wa nusu marathoni wa kiwango cha kimataifa, aliyekuwa akijiandaa kwa marathoni yake ya kwanza. Mashindano yalikuwa Ulaya, mwanzoni mwa Oktoba. Alikuwa akifanya mazoezi katika kambi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, pamoja na wakimbiaji wengine zaidi ya ishirini, wengi wao wanaume. Kambi ilikuwa na kocha mkuu, msaidizi wake na msinga misuli wa kila siku. Fiziotherapisti alifika Jumanne na Ijumaa. Daktari alikuwa mjini, mwendo wa saa moja kwa gari.

Historia yake ilikuwa na mambo mawili ambayo hayakuandikwa popote alipoingia kambini. Miaka miwili kabla, mguu wa kulia, uleule wa kisa hiki, ulimuuma kwenye muundi, akapumzika siku kumi, maumivu yakaisha, akarudi kukimbia bila kupimwa. La pili ni kwamba hedhi yake ilikuwa imekatika kwa miezi mitano. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona ni jambo la kumwambia kocha wa kiume.

Mpango ulivyoandikwa

Mpango ulikuwa wa wiki 14, na kocha aliuandika kwa uangalifu. Sheria yake ilikuwa ile inayojulikana na makocha wengi: usiongeze kilomita za wiki kwa zaidi ya asilimia 10, na kila wiki ya nne iwe nyepesi. Wiki nane za kwanza zilikwenda hivi: kilomita 118, 126, 134, kisha wiki nyepesi ya 112, halafu 138, 146, 154 na 158. Ukiiweka kando ile wiki nyepesi, hakuna mahali ambapo ongezeko lilifika hata asilimia 7. Kocha yeyote angeutazama ukurasa ule na kuupitisha.

Ratiba ya wiki ilikuwa ya kawaida kwa kambi za huku. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi fatleki ya dakika moja kasi na dakika moja taratibu mara 25, Jumamosi mbio ndefu, Jumapili mapumziko. Siku nyingine ni mbio za polepole asubuhi na jioni. Kilichoandikwa daftarini kila siku kilikuwa umbali peke yake, na wakati mwingine muda wa raundi za Jumanne.

Wiki ya 5 hadi ya 8

Mambo manne yalibadilika kwa pamoja mara baada ya wiki nyepesi, na hakuna hata moja lililoonekana katika kilomita.

Kwanza, mwenzake wa mbio ndefu aliondoka kwenda mashindanoni, naye akahamia kundi la wanaume. Mbio zilizopangwa kwa dakika 3:50 kwa kilomita zikawa za 3:35, na kilomita tano za mwisho zikawa mashindano. Pili, mvua za Julai na Agosti zilizifanya barabara za vumbi kuwa tope, kundi likahamia kwenye lami yenye mteremko mrefu wa kurudia kambini. Tatu, viatu vipya vyenye bamba la kaboni vilifika kutoka kwa wadhamini, akaanza kuvivaa katika mazoezi yote matatu ya kasi kwa wiki, bila siku za kuvizoea. Nne, uzito wake ulishuka kutoka kilo 47.5 hadi 46, na kambini hilo lilipokewa kama dalili ya kuiva kwa mashindano.

Wiki ya 6 alikwenda matanga nyumbani. Alisafiri kwa matatu kwenda na kurudi, akakesha siku mbili, na Jumanne akafanya mazoezi ya uwanjani kama yalivyopangwa. Ijumaa ya wiki hiyo ndipo alipohisi maumivu kwa mara ya kwanza, upande wa ndani wa muundi wa kulia, theluthi ya chini. Yalikuja dakika kumi za mwanzo, mwili ukipata moto yakapotea. Hakusema.

Wiki ya 7 maumivu yalihama. Sasa yalikuja mwishoni mwa mbio na kubaki saa kadhaa baadaye. Alimwambia msinga misuli, ambaye alisugua kwa nguvu juu ya mfupa wenyewe kwa siku tatu mfululizo. Mwenzake alimpa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, akaanza kumeza kidonge kimoja kabla ya mazoezi ya Alhamisi na Jumamosi. Kidonge kilifanya kazi yake, na kwa hiyo aliweza kumaliza.

Jumamosi ya wiki ya 8 ilikuwa kilomita 38 kwenye lami. Kuanzia kilomita ya 30 alikuwa akichechemea, na msaidizi aliyekuwa kwenye gari la maji aliona. Alipomuuliza, jibu lilikuwa, "Ni kukaza tu, kocha. Niko sawa." Jumatatu asubuhi alishindwa kutembea kwenda jikoni bila kuchechemea.

Uchunguzi

Jumanne ya wiki ya 9 fiziotherapisti alimpima. Jambo la kwanza alilotafuta lilikuwa ukubwa wa eneo linalouma. Maumivu ya kawaida ya muundi husambaa kando ya mfupa kwa sentimita tano au zaidi, mgonjwa hupitisha kiganja kizima kuyaonyesha. Huyu alionyesha kwa kidole kimoja, na eneo lenye maumivu makali lilikuwa la sentimita tatu hivi. Fiziotherapisti hakumrukisha kwa mguu mmoja. Kipimo hicho kina nafasi yake, lakini mtu anayeumia kwa kutembea tu ameshajibu swali, na kumrukisha ni kuuongezea mfupa kazi.

Eksirei iliyopigwa siku hiyo ilikuwa safi. Hapa ndipo kesi nyingi hupotea. Katika wiki mbili tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haionyeshi chochote, kwa sababu inachoweza kuona ni ufa wenyewe au mfupa mpya unaoota kuuzunguka, na vyote viwili huchelewa. Daktari aliagiza MRI, ikapigwa siku mbili baadaye. Ilionyesha majimaji ndani ya uboho wa mfupa, yanayoonekana katika aina zote mbili za picha, bila mstari wa ufa. Hiyo ni ngazi ya 3 kati ya 4 katika mpangilio wa majeraha ya uchovu wa mfupa unaotumiwa na madaktari wa michezo tangu 1995. Muda unaotarajiwa kabla ya kurudi kukimbia kwa ngazi hiyo ni wiki 6 hadi 9.

Mahali pa jeraha palikuwa na unafuu. Upande wa ndani na nyuma wa muundi hubanwa mguu unapotua, kwa hiyo hupona vizuri ukipumzishwa. Lingekuwa upande wa mbele wa muundi, shingo ya mfupa wa paja au kifupa cha juu ya upinde wa unyayo, hesabu ingekuwa nyingine kabisa na pengine upasuaji ungetajwa.

Daktari, mwanamke, aliongea naye peke yake. Ndipo habari ya hedhi ilipotoka. Kipimo cha ujauzito kilikuwa hasi, homoni za dundumio na prolaktini zilikuwa sawa, vitamini D ilitosha. Feritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma, ilikuwa mikrogramu 18 kwa lita, chini kwa mtu anayeishi na kufanya mazoezi mlimani. Kipimo cha uzito wa mfupa kwenye uti wa mgongo kilitoa alama Z, inayolinganisha mfupa na wa watu wa rika moja, ya −1.3. Kwa mtu wa kawaida daktari asingeshtuka. Kwa mwanariadha wa michezo ya kukimbia, ambaye mifupa yake inapaswa kuwa mizito kuliko ya wenzake wa rika moja, chochote chini ya −1.0 kinahitaji kufuatiliwa.

Kisha likaja swali la chakula. Kwa siku tatu msaidizi wa jikoni alipima kila alichokula, ikapatikana wastani wa kilokalori 2,150 kwa siku, kama alivyokuwa akila kabla ya kuumia. Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilomita 154 kwa wiki ni 22 kwa siku, mara kilo 46, ni kama 1,010. Ukitoa hizo kwenye 2,150 zinabaki 1,140 za kuendesha kila kitu kingine: moyo, ubongo, homoni, ujenzi wa mfupa. Mwili wake bila mafuta ulikuwa na kilo 40 hivi, kwa hiyo alibaki na kilokalori 28 au 29 kwa kilo. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kizuri ni 45. Chini ya 30, mwili huanza kufunga huduma ambazo unaweza kuishi bila hizo, na uzazi na ujenzi wa mfupa huwa miongoni mwa za kwanza kuguswa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikitoa mwongozo juu ya hali hii tangu 2014, kwa wanawake na kwa wanaume.

Maamuzi

Meneja alihitaji jibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu waandaaji walikuwa wakifunga orodha ya wakimbiaji mashuhuri na kupanga waweka kasi. Mezani palikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuendelea na mazoezi mepesi na kutumaini. Iliondolewa mara moja, kwani ngazi ya 3 ikiendelea kupigwa huwa ngazi ya 4, na hapo unazungumzia miezi mitatu au zaidi.

Ya pili iliwavutia wengi: wiki tatu za baiskeli na maji, kisha wiki mbili za kukimbia, kisha mashindano. Ilikuwa na hoja ya pesa nyuma yake, kwa kuwa waandaaji wangemlipa ada ya kushiriki akivuka mstari wa kuanzia. Kilichoiangusha ni tarehe. Tangu siku ya MRI zilibaki wiki tano na nusu. Mfupa ulihitaji sita kwa uchache, tena kwa mtu anayekula vya kutosha na mwenye homoni zinazofanya kazi, na huyu hakuwa na lolote kati ya hayo mawili.

Ya tatu, kujiondoa, ndiyo iliyochaguliwa. Kocha aliipinga usiku wa kwanza na kuikubali asubuhi baada ya daktari kumwonyesha picha zenyewe. Uamuzi ulitolewa kwa waandaaji siku hiyohiyo. Kuwahi huko kulisaidia, kwa sababu walimwahidi mazungumzo ya mwaka unaofuata.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa tiba. Mtu mmoja kambini alipendekeza vidonge vya kupanga uzazi ili "kuirudisha" hedhi. Daktari alikataa. Vidonge huleta damu ya kila mwezi bila kurekebisha chanzo, na baada ya hapo huna tena dalili ya kukuambia kama mwili umerudi katika hali yake. Dawa iliyoandikwa ilikuwa chakula, pamoja na madini ya chuma ya kumeza kwa miezi mitatu na kipimo cha marudio. Diklofenaki ilipigwa marufuku.

Jikoni mabadiliko yalikuwa madogo na ya vyakula vilivyokuwapo. Kabla ya mazoezi ya saa 12 asubuhi, kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari na vipande viwili vya mkate au ndizi mbili, badala ya tumbo tupu. Ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, uji wa wimbi uliopikwa kwa maziwa, na mayai mawili. Saa 10 jioni, konzi ya njugu karanga na maziwa lala. Nusu parachichi juu ya ugali na sukuma wiki za usiku. Jumla ya nyongeza ilikuwa kilokalori 650 hadi 700. Hakuna unga wa kopo ulionunuliwa.

Kurudi barabarani

Alitembea kwa magongo siku tisa, hadi kutembea kukawa hakuna maumivu. Kuanzia wiki ya 2, sasa tukihesabu tangu kugunduliwa, alipanda baiskeli ya ndani na kukimbia ndani ya maji kwenye bwawa la mjini, mara tatu kwa wiki. Mazoezi ya nguvu yalilenga shavu la mguu, hasa kunyanyua kisigino ukiwa umekaa na uzito juu ya magoti, seti nne za marudio manane. Msuli wa ndani wa shavu hauonekani sana kwenye kioo, lakini unapovuta vizuri huupunguzia muundi mkunjo katika kila hatua, na unapochoka mfupa hubeba peke yake.

Ruhusa ya kukimbia haikufuata kalenda. Masharti yalikuwa matatu: siku saba mfululizo za kutembea bila maumivu hata kidogo, mfupa usiume ukibonyezwa kwa kidole, na mwishoni kabisa kuruka kwa mguu mmoja mara 30 bila kuhisi kitu. Aliyatimiza wiki ya 7.

Hatua zilikuwa tano, kila moja ikifanywa mara mbili na siku moja ya kupumzika kati yake. Dakika 1 ya kukimbia na 4 za kutembea, mara sita. Kisha 2 kwa 3, 3 kwa 2, 4 kwa 1, na mwisho dakika 30 mfululizo. Zote zilikuwa kwenye nyasi au barabara ya vumbi iliyo tambarare, kwa viatu vya kawaida vya mazoezi. Maumivu yoyote kwenye muundi, hata alama 1 kati ya 10, yalimaanisha kusimama hadi yaishe na kurudi hatua moja nyuma.

Wiki ya 10 mambo yaliteleza. Alikuwa ameshafika dakika 30 mfululizo, asubuhi moja akakutana na kundi likienda polepole, akajiunga nalo. Kilomita 6 zikawa 12. Usiku huo muundi ulikuwa na maumivu ya alama 2. Safari hii alisema, asubuhi iliyofuata, na mapumziko ya siku nne yakatosha. Mpango haukuwa umesema angekimbia na nani, na hilo lilirekebishwa: kuanzia hapo hadi wiki ya 16 alikimbia na msaidizi wa kocha peke yake.

Baada ya hapo muda ulirudishwa kwanza, kasi baadaye. Vipande vya kasi vya sekunde 20 kwenye nyasi vilianza wiki ya 14, mbio za kasi ya wastani wiki ya 16, viatu vya bamba la kaboni wiki ya 18 kwa kilomita 5 tu, mara moja kwa wiki. Mteremko ulikuja mwisho wa yote.

Matokeo

Wiki ya 20 alikuwa kwenye kilomita 110. Hedhi ilirudi katika mwezi wa nne tangu kugunduliwa, feritini ikafika 41. Nusu marathoni ya kurudi aliikimbia miezi saba baada ya kugunduliwa, na marathoni ya kwanza katika mwezi wa kumi na moja tangu kugunduliwa. Katika miezi 14 iliyofuatiliwa jeraha halikurudi. Alipoteza ada ya mashindano na sehemu ya bonasi ya mwaka ya wadhamini, na pesa hizo hazikurudi.

Uchambuzi: daftari lilipima nini?

Baada ya tukio, kocha na fiziotherapisti walikaa na kumbukumbu za saa yake ya mkononi wakajenga upya wiki zile kwa njia nyingine. Walitumia njia ya Carl Foster, ambayo ni rahisi kuliko inavyosikika: dakika za zoezi mara alama ya ugumu kutoka 0 hadi 10. Alama walizikadiria pamoja na mwanariadha mwenyewe, zoezi kwa zoezi.

Wiki ya 3 ilikuwa dakika 580 kwa ugumu wa wastani wa 4, yaani kama pointi 2,300. Wiki ya 7 ilikuwa dakika 630 kwa 5.4, kama pointi 3,400. Umbali kati ya wiki hizo mbili ulipanda kwa asilimia 15. Mzigo ulipanda kwa karibu asilimia 47. Walipohesabu kilomita zilizokimbiwa chini ya dakika 3:40, zilitoka 24 hadi 47.

Nambari hiyo ya mwisho ndiyo inayougusa mfupa zaidi. Mfupa huchoka kwa vitu viwili, idadi ya hatua na nguvu ya kila hatua, lakini haviko sawa. Majaribio ya maabara juu ya vipande vya mfupa yanaonyesha kwamba ukiongeza nguvu kidogo tu, idadi ya mizunguko ambayo mfupa unastahimili hupungua mno, kuliko ungeongeza mizunguko yenyewe kwa kiasi hichohicho. Kasi, mteremko na misuli iliyochoka vyote huongeza nguvu kwa hatua. Sheria ya asilimia 10 huhesabu hatua na kuacha nguvu, kwa hiyo inaweza kufuatwa kikamilifu huku mfupa ukizidiwa.

Lami tusiipe lawama yote. Mwili hulegeza au kukaza mguu kulingana na ardhi, na wakimbiaji wengi huishi kwenye lami bila shida. Kilichoumiza ni kuhama ghafla, pamoja na mteremko, katika wiki ileile ya viatu vipya na kundi jipya.

Uchambuzi: wiki nyepesi iliyowekwa mahali pasipofaa

Mfupa ukipigwa kuliko ulivyozoea, seli za kubomoa huingia kwanza kuondoa sehemu zilizochoka, kazi ya wiki tatu hivi. Seli za kujenga hufuata nyuma, nazo huchukua miezi mitatu hivi kujaza. Kati ya hapo mfupa una matundu, ni dhaifu kuliko ulivyoanza. Mzigo ulibadilika wiki ya 5. Maumivu yalianza mwisho wa wiki ya 6, mguu ukagoma baada ya wiki ya 8. Saa ya mfupa ilikwenda kama inavyokwenda kila siku.

Wiki nyepesi ilikuwa ya 4, kabla ya mabadiliko, kwa sababu kalenda ilisema kila wiki ya nne. Ingefaa zaidi wiki ya 7 au ya 8, wakati mfupa uko kwenye shimo. Hili ni jambo ambalo makocha wazuri hulikosea, kwa kuwa moyo na mapafu huzoea mapema na mwanariadha huonekana yuko katika hali nzuri kuliko wakati wowote. Wiki ya 7 muda wake uwanjani ulikuwa bora kuliko wa msimu wote.

Uchambuzi: je, uwiano ungemwokoa?

Wengi huuliza kuhusu uwiano wa mzigo wa wiki hii dhidi ya wastani wa wiki nne, uliopata umaarufu kupitia kazi za Tim Gabbett, hasa 2016. Kati ya 0.8 na 1.3 husemwa ni salama, juu ya 1.5 ni hatari. Kwa kilomita, wiki ya 7 ilitoa 154 gawanya kwa wastani wa 137.5, ni 1.12. Kwa pointi za mzigo, ambapo wiki ya 4 hadi ya 7 zilikuwa 1,800, 2,700, 3,050 na 3,400, inatoka 1.24. Zote salama. Kwa kilomita za kasi, wiki ya 5 ilikuwa 36 dhidi ya wastani wa 24, yaani 1.5 kamili.

Ni rahisi kuchagua nambari iliyopiga kengele ukishajua kilichotokea, na uwiano huu umekosolewa vikali na wanatakwimu kwa sababu wiki inayopimwa imo pia ndani ya wastani unaoipima, na kwa sababu sehemu kubwa ya data zake ilitoka kwenye michezo ya timu. Msimamo wetu ni kwamba unafaa kuanzisha mazungumzo, na haufai kutoa ruhusa. Uwiano wa 1.12 haujui kuwa mtu hajala asubuhi.

Uchambuzi: ukimya

Siku kumi na tano zilipita kati ya maumivu ya kwanza na kilomita 38. Angesema wiki ya 6, jeraha lingekuwa pengine ngazi ya 1, wiki mbili au tatu za mapumziko, na Oktoba ingewezekana.

Kocha alikuwa akiuliza kila asubuhi, mbele ya watu wote, "Kila mtu yuko sawa?" Swali la namna hiyo lina jibu moja. Mkimbiaji mgeni katika kundi la wanaume, mwenye mkataba unaokaribia kwisha, na wadogo zake wanaosubiri karo, hawezi kuinua mkono. Diklofenaki nayo ilinyamazisha ishara ya mwisho iliyobaki, na kuna sababu ya kuhofia kwamba dawa za jamii hiyo huchelewesha uponaji wa mfupa.

Kilichokwenda vizuri kilitegemea watu wachache kutokubali jibu la haraka. Fiziotherapisti hakuridhika na eksirei safi. Daktari aliuliza alichokuwa hajaulizwa na mtu. Mpishi alikubali kuamka saa 11 alfajiri kuchemsha chai, na bila yeye mpango wa chakula ungebaki karatasini.

Daftari la sasa la kambi

Kila mwanariadha ana ukurasa wenye safu sita: dakika, alama ya ugumu iliyotolewa nusu saa baada ya zoezi, kilomita za kasi, uso wa barabara na mteremko, kiatu, na usingizi wa jana. Msaidizi anapita chumba kwa chumba saa 11:30 asubuhi na kuuliza mtu mmoja mmoja: unaumwa wapi, kwa kidole au kwa kiganja? Anayeonyesha kwa kidole juu ya mfupa hakimbii siku hiyo hadi apimwe. Hedhi inaulizwa mara moja kwa mwezi na msaidizi wa kike, na miezi mitatu bila hedhi ni safari ya kwa daktari.

Mabadiliko mawili hayaingizwi katika wiki moja. Kiatu kipya, kundi jipya, uso mpya wa barabara na kasi mpya kila kimoja kina wiki yake, na wiki nyepesi huwekwa ya tatu au ya nne baada ya badiliko kubwa, hata kama kalenda inasema vingine. Mbio ndefu za wanawake zina mweka kasi wao, anayelipwa na kambi, na kasi ameandikiwa.

Upande wa wanaume daftari lilijazwa vizuri kwa miezi miwili, kisha likaanza kurudi likiwa na safu tupu. Kocha sasa analikusanya Jumapili jioni, na ambaye hajajaza hapangiwi mazoezi ya uwanjani ya Jumanne.